Mkwe Aliyevunja Mlango wa Choo

Ndugu zangu, kaeni. Mliosimama kule nyuma sogeeni, benchi la mbele halina miba. Leo sikuja na mkulima wala mpanzi. Nimekuja na choo. Najua, nimemsikia mzee wa kanisa akikohoa. Mke wangu jana alinisihi nitafute mfano mwingine, akasema watu watakuwa wametoka kunywa chai. Nikamwambia nimetafuta wiki nzima, na kila nikiukimbia huu unanirudia. Basi nivumilieni.

Aliishi bwana mmoja katika mji wenye maji ya kisima kama haya yetu, maji ya chumvi yanayoacha kutu kila yanapopita. Alikuwa fundi cherehani, mtu wa pasi kali, ambaye hata akienda dukani kununua kiberiti alichomekea shati. Alikuwa na mke mmoja, nyumba ya vyumba viwili, na choo cha ndani, cha kukaa, ambacho alikijenga kwa jasho lake na alipenda watu wajue kwamba anacho.

Mke wake akajifungua mtoto wa kwanza. Alijifungua kwa upasuaji, na mnajua mzazi wa upasuaji hainami, habebi ndoo, haguswi na baridi. Ikabidi mama yake mzazi aje kumlea. Akaja na mchi wake na kinu chake juu ya bajaji, kwa sababu alisema uji wa mashine hauleti maziwa.

Sasa, kwa wageni mliokuja leo, niseme kidogo jinsi mkwe alivyo kwetu. Bwana na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Hawali sahani moja. Wakikutana kwenye njia nyembamba, mmoja anaingia majanini mpaka mwenzake apite. Na choo, ndugu zangu, choo ndiyo kabisa. Mama mkwe hawezi kuingia mahali ambapo mkwewe ametoka kukaa. Afadhali abanwe mpaka machozi yamtoke. Sisemi ni vizuri, sisemi ni vibaya. Nasema ndivyo tulivyolelewa, na hata ninyi mnaojifanya wa mjini, wakija wakwe zenu naona mnavyotafuta safari za ghafla.

Yule mama alifanya nini? Alifanya alivyofunzwa. Kila akibanwa alijifunga kanga kichwani, akavuka barabara, akaenda choo cha jirani. Magoti yake yalikuwa mabovu, akienda polepole, akirudi polepole. Asubuhi, mchana, jioni. Hakulalamika kwa mtu.

Siku ya tisa bwana akakutana na yule jirani. Jirani mwenyewe alikuwa mtu wa utani, wala hakuwa na nia mbaya.

"Baba kichanga," akamwambia, "mama mkwe wako siku hizi tunaye sisi. Choo chenu kina nini huko?"

Bwana akacheka kwa mdomo, moyoni akachomwa. Akarudi nyumbani, akafungua mlango wa choo, akatazama ndani ya sinki la kukalia. Mke ndiye aliyekuwa akikisugua, na mke alikuwa kitandani. Kwa siku zile tisa hakuna aliyegusa brashi. Mstari wa kahawia ulikuwa umezunguka sinki lote, na chini kule, mahali maji yanapotulia, kulikuwa na rangi ambayo sitaieleza mbele ya watoto.

Akasema moyoni, "Kumbe ndiyo maana. Mama wa watu ameingia, ameona uchafu wangu, ananikimbia." Aibu ikampanda mpaka masikioni.

Akaenda kwa mke wake chumbani. Alizunguka kwanza, akauliza habari za mtoto, akauliza habari za kidonda, mwisho akasema kwa sauti ya chini, "Hivi kile choo huwa unakisafisha kwa kitu gani?"

Mke alishangaa, maana katika ndoa yao swali hilo halikuwahi kuulizwa. "Kwa bekingi soda," akasema. "Ile ya maandazi. Iko kabatini, kwenye kopo la maziwa ya unga."

"Ya maandazi?"

"Ndiyo. Unanyunyizia kuzunguka sinki, kikombe kimoja kinatosha. Unaiacha nusu saa. Unasugua kwa brashi, unamwaga maji. Ukimaliza unanawa mikono."

"Basi?"

"Basi. Usichanganye na dawa nyingine yoyote, na uache dirisha wazi. Doa la siku tisa halitatoka leo, baba. Sugua leo, rudia kesho, rudia keshokutwa. Litaachia lenyewe."

Hapo nisimame kidogo. Mkitoka hapa mkasahau mahubiri yote, nyumbani nendeni na maneno ya yule mke. Soda peke yake, dirisha wazi, subira. Na kopo lake liandikwe jina kwa kalamu, likae mbali na watoto. Nimezika watu kwa mambo madogo kuliko hayo, na sifanyi utani.

Lakini bwana wetu alitaka doa litoke leo. Tena leo kabla ya saa saba, kabla mkwe hajavuka barabara tena. Aliona mke wake anamwonesha dawa ya kitoto. Doa kubwa namna ile, litolewe na kitu cha kuumulia maandazi? Akaenda kwa muuza sabuni wa mtaani, yule anayejaza dawa kwenye chupa tupu za maji ya kunywa, chupa zisizo na karatasi wala maandishi. Akachukua moja ya dawa kali ya choo, ile ya asidi, na moja ya dawa ya kutakatisha nguo nyeupe. Muuzaji akamwambia, "Kila moja kwa wakati wake, mzee." Akajibu kwamba yeye si mtoto.

Akaingia chooni saa nne asubuhi. Kwa kuwa ile dawa ya nguo ingeweza kumharibia suruali, alivua. Alivua shati, alivua suruali, akabaki na bukta. Kisha akasikia mchi unatwanga nje. Mkwe alikuwa uani, chini ya dirisha la choo kabisa, akitwanga mtama wa uji. Bwana akawaza: atasikia brashi. Atajua mkwewe anasugua choo. Atajua na kwa nini.

Akafunga dirisha. Akachukua taulo, akaziba mwanya wa chini ya mlango. Akabana komeo.

Mnamwona? Mwanamume mzima, ndani ya chumba kisichozidi mkeka, hana nguo ila bukta, amejifungia na uchafu wake, anataka utoke bila mtu kujua kwamba ulikuwepo.

Akamwaga bekingi soda, kopo zima. Hakungoja nusu saa, hakungoja hata dakika. Akamwaga asidi juu yake, povu likapanda, akafurahi, akaona sasa kazi inafanyika. Povu likatulia, doa likabaki palepale. Akafungua chupa ya pili, akamwaga yote.

Wenzetu waliosoma wananiambia vitu hivyo viwili, asidi na dawa ya kutakatisha, vikikutana vinatoa hewa ya sumu. Soda haikuwa na kosa. Ile hewa ikapanda, ikamwingia puani na machoni kama pilipili iliyoungua kwenye moto. Akakohoa. Akashika kuta.

Nje, mkwe akasikia kikohozi kinatoka chooni. Na mama mwenye adabu akimsikia mkwewe chooni hufanya nini? Huondoka. Akabeba kinu chake kizito na magoti yake yale, akahamia upande wa pili wa ua, asije akamwaibisha.

Lakini kikohozi cha pili hakikufanana na cha kwanza. Kisha akasikia ndoo inaanguka. Akarudi mpaka mlango wa choo, akasimama mbali kidogo, akageuza uso pembeni.

"Baba, uko salama huko?"

Bwana alikuwa amepiga magoti sakafuni. Komeo lilikuwa juu ya kichwa chake, mkono ungefika. Koo limekauka, macho hayaoni. Alikuwa amebakiwa na pumzi ya neno moja au mawili. Ninyi mngesema neno gani?

Akasema, "Niko salama, mama."

Ndugu zangu, mnacheka. Chekeni, lakini ni yupi kati yetu hajasema hivyo? Jumapili iliyopita, kabla ya ibada, nilisimama pale mlangoni nikashika mikono yenu, nikauliza mmoja mmoja, habari ya nyumbani, habari ya ndoa, habari ya kijana wako. Mlinijibu nini? "Salama, mchungaji." Wengine macho yalikuwa mekundu, nami niliona, mkasema salama, nikawaacha mpite.

Yule mama hakupita. Alingoja asikie pumzi nyingine, hakuisikia. Akageuza uso, akautazama ule mlango ambao kwa siku tisa hakuwahi kuugusa. Mila yote ya mama zake ilikuwa imesimama pale mlangoni ikimwambia rudi. Akaenda kwenye kinu, akachukua mchi. Akapiga mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu komeo likang'oka.

Akaingia kwenye ile hewa na kanga mdomoni. Akamshika mkwewe kwapani, mtu na bukta yake, akamburuta mpaka uani kwenye upepo. Akammwagia maji usoni na machoni, ndoo baada ya ndoo. Akamlaza kichwa mapajani pake, akapiga ukunga. Mtaa mzima ukaja. Yule jirani wa utani ndiye aliyeleta bajaji.

Hospitali walimwekea hewa siku mbili. Daktari akasema yule mama angechelewa kidogo tu, wangekuja kuchukua maiti. Siku ya tatu akafungua macho vizuri, na koo likaanza kutoa sauti.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo mfano wangu ulipo. Mnadhani alisema nini?

Mkwe alifika wodini na uji kwenye chupa ya chai. Alipoingia tu, bwana akageukia ukutani. Mama akaweka uji, akasema pole baba. Akatoka. Kesho yake tena, ukutani. Siku aliyoruhusiwa kurudi nyumbani alipita moja kwa moja chumbani, akamwambia mke wake, "Mwambie mama arudi kwao."

Mke alidhani homa imempanda. "Mama amekosa nini?"

"Hajakosa."

"Sasa?"

"Ameniona."

Basi, ndugu zangu. Mama yule hakuiba, hakutukana, hakusengenya. Kosa lake lilikuwa kwamba alimwona. Kila atakapotembea katika ile nyumba, bwana atakumbuka sakafu ya choo na bukta. Akaona ni heri mke mwenye nyuzi tumboni abaki peke yake na mtoto mchanga, kuliko yeye kukutana na macho yale mezani.

Mke akalia, akaenda kumwambia mama yake. Mama alikuwa akimkanda mtoto. Hakuuliza mara mbili. Alimvika mtoto nguo, akamkabidhi binti yake, akaanza kukunja kanga zake.

"Mwambie mume wako," akasema, "mimi niliona mtu anakufa. Hiyo bukta sikuiona."

"Mama, ni lile doa. Anaona aibu tangu siku ile. Anasema uliliona ndiyo maana ukawa unaenda kwa jirani."

Mama akaacha kukunja. "Doa gani?"

"La chooni."

"Mwanangu, mimi choo chenu sijawahi kukiingia mpaka siku ile nilipovunja mlango, na siku ile macho yalikuwa yanawaka, sikuona hata ukuta. Kwa jirani nilikuwa naenda ili mwenye nyumba awe na amani ndani ya nyumba yake. Nilikuwa namheshimu."

Akaweka kanga zake kwenye mfuko. Mchi na kinu akaviacha, kwa kuwa mzazi bado alihitaji uji. Akavuka barabara kwa yale magoti, akaenda kusubiri gari.

Mfano wangu unaishia hapo. Sijui kama bwana alimfuata. Nawaona akina mama mmekunja nyuso, mnasema mwanamume gani huyo. Wazee wanasema shukrani ya punda ni mateke, nanyi mmeshampata punda wenu. Subirini kidogo.

Nani kati yetu hana mtu aliyemburuta uani? Kuna dada humu ambaye usiku mmoja alipigwa na mumewe, akakimbilia kwa mwenzake, akaoshwa damu, akapewa nguo. Leo wakikutana sokoni anageukia nyanya. Kuna kijana aliyeokotwa mtaroni na rafiki yake, akafichwa siku nne mpaka kichwa kikamtulia. Leo rafiki huyo hakualikwa harusini. Tunasema tumepishana tu, mambo yamekuwa mengi. Uongo. Walituona. Tunaweza kumsamehe aliyetuumiza kwa urahisi zaidi kuliko kumsamehe aliyetukuta sakafuni.

Na kwa Mungu ndivyo hivyo hivyo tunavyofanya. Tunamfungia dirisha, tunaziba mwanya wa mlango kwa taulo, tunasugua sisi wenyewe kwa kila kitu kikali tunachokipata, leo hii hii, kabla ya saa saba. Tunaambiwa njia ni nyepesi, tubu leo, rudi kesho, rudi keshokutwa, doa litaachia. Tunaona ni dawa ya kitoto. Akivunja mlango akatutoa tukiwa hai, tunageukia ukutani. Wangapi walikuwa wanasali humu kila siku walipokuwa wagonjwa, na walipopona hatukuwaona tena? Wanamwonea haya aliyewaona.

Niliwaambia mfano huu umenirudia wiki nzima. Sasa niseme kwa nini, na mke wangu pale ameinamisha kichwa kwa sababu anajua.

Miaka miwili iliyopita, baada ya mazishi ya mwanangu, mimi mchungaji wenu nilikunywa. Sikunywa siku moja. Jumamosi moja mchana nilijifungia ofisini pale nyuma ya madhabahu, nikanywa mpaka nikaanguka, nikajichafua nguo zote. Mama mmoja anayedeki kanisa hili alisikia kitu kikianguka. Aliuliza kama niko salama, nikajibu salama. Akaenda kuchukua ufunguo wa akiba. Aliingia, akanigeuza ubavu ili nisisongwe na matapishi, akanivua, akaniosha kama anavyooshwa mtoto, akasafisha sakafu kwa mikono yake. Alipomaliza alikaa nami mpaka jioni. Jumapili nilisimama hapa nikahubiri, na hakuna kati yenu aliyejua.

Mwezi uliofuata nilimwondoa kwenye usafi wa ofisi. Niliwaambia wazee wa kanisa kwamba umri umeenda, apumzike. Nikamnyang'anya ufunguo. Tangu siku ile ibada ikiisha mimi natokea mlango wa nyuma, ninyi mnadhani nina haraka ya kwenda kutembelea wagonjwa. Sina mgonjwa. Ninamkwepa yeye. Naona haya, ndugu zangu, hata hapa ninapozungumza naona haya.

Yuko humu ndani. Simtaji jina, kwa sababu yeye kwa miaka miwili hakunitaja.

Kwaya, naomba msiimbe kwanza. Nipeni nafasi nishuke hapa, nitembee mpaka kwenye benchi lake, nimtazame usoni. Na wewe mwenye mtu wako humu ndani, nikianza kutembea, inuka na wewe.